Imesogezwa Kidogo

Mjomba wangu alinizidi miaka sita tu. Bibi alimzaa wakati mama yangu, kifungua mimba wake, keshakuwa mwari wa kuposwa, na mimi nilipozaliwa tukalelewa nyumba moja pale Wiyoni, Lamu. Tuligombana kama ndugu, tukapigwa pamoja, tukalala mkeka mmoja, lakini kila asubuhi ilinibidi nimwamkie kama mtu mzima. Yeye naye hakuniachia hata siku moja. Angeweza kuwa amejifunika shuka gubigubi, anakoroma, na bado akatoa mkono nje kungoja salamu yake.

Kazi yake ilikuwa kushona kofia za vito, zile za mkono zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja hadi macho yalie. Kofia moja ilimchukua miezi. Watu waliomjua kwa kofia zake walimwita fundi, wakamheshimu, wakampisha kwenye benchi. Hawakujua kwamba fundi huyo akiweka sindano chini hushika pedi ya gemu na kucheza mpaka mama yangu, dada yake, azime umeme wa nyumba nzima kwa hasira.

“Mwanamume na ndevu zake!” mama alikuwa akisema.

“Ndevu hazitezi, Dada,” alimjibu kwa lugha yetu, ambayo kucheza ni kuteza. “Huteza vidole.”

Nilipopata kazi ya ualimu kisiwani Ndau, tulipunguza kucheza tukazidisha maneno. Mtandao wa Ndau una mahali pake, na mahali pake penyewe ni nyuma ya tangi la maji la shule. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikwenda kuegemea tangi lile, nikasoma habari zote za gemu zilizotoka wiki hiyo, kisha nikampigia. Yeye simu yake haikuwa ya kusomea. Hata alipokuwa na nzuri, alisema habari akizisikia kutoka kwangu huwa na ladha zaidi.

“Haya, mpwa, nipa khabari za ulimwengu.”

Ulimwengu kwake haukuwa vita wala uchaguzi. Nilimwambia kampuni fulani imewafukuza wafanyakazi wiki ileile iliyojisifu kwa faida, akauliza, “Sasa ni nani atakayeshona?” Nilimwambia kuna gemu imeuzwa haijakamilika, wachezaji wanaanguka kupitia sakafu, na wenyewe wameahidi kuitengeneza polepole watu wakiwa tayari wameinunua. Alicheka hadi akakohoa. “Yaani mimi nikuuzie kofia, vitundu nitakuya kuvitoboa umeshaivaa?” Nilimwambia siku hizi watu wanalipia nguo za kumvisha mchezaji wa ndani ya kioo. “Waulize,” akasema, “kofia hawataki?”

Nilikuwa na wanafunzi, nilikuwa na kazi ya kusahihisha, nilikuwa na nyumba ya kupanga ambayo paa lake linavuja. Ile saa moja nyuma ya tangi ndiyo iliyokuwa yangu. Nasema hivi ili ieleweke nilichokuwa nikikilinda baadaye, kwa sababu mtu husema amemficha mwenzake jambo kwa kumwonea huruma, na mara nyingi amejionea huruma mwenyewe.

Kulikuwa na gemu moja tuliyoipenda kuliko zote. Ndugu wawili wanavuka jangwa kumtafuta dada yao aliyechukuliwa. Tuliicheza mimi nikiwa kidato cha nne, yeye kijana anayeanza kujitegemea, tukipokezana pedi moja kwa sababu ya pili ilikuwa imekufa. Mwisho wake wale ndugu wanafika kwenye lango la mji, lango linafunguka, na kabla hujaona kilichomo ndani majina ya watengenezaji yanaanza kupanda kwenye kioo. Mjomba alikasirika kweli. Siku mbili hakusema na mtu, na mama akadhani kaposa mahali kakataliwa.

Miaka ikapita, kampuni ile ikanyamaza. Mjomba akaoa, akaacha, akarudi kukaa na mama. Akapata sukari. Kisha Ijumaa moja nikamwambia nyuma ya tangi: sehemu ya pili inatengenezwa, na itatoka mwaka ujao, mwezi wa tano.

“Rudia,” akasema.

Nikarudia.

“Rudia polepole, na utaye mwezi.”

Kuanzia hapo kila Ijumaa tulianza na hiyo. Wameonyesha picha ya lango. Wameonyesha yule ndugu mdogo, ana ndevu sasa. Dada yao ameonekana kwa nyuma tu, kajitanda nguo nyeusi, na Mjomba akataka nimweleze nguo yenyewe imekatwaje. Tulibishana miezi juu ya kilichomo ndani ya mji ule. Yeye alishikilia kwamba dada hakuchukuliwa, aliondoka mwenyewe, na hao ndugu zake watakuja kujuta kumfuata.

Macho yalianza kumsumbua katikati ya furaha hiyo. Sisi kwa lugha yetu husema mato, na mwanzo alilitaja jambo hili kwa mzaha: mato yake yamekuwa ya wazee, yanataka kupumzika mapema. Likizo ya Disemba nilipokwenda Wiyoni tukacheza mpira wa kwenye kioo, na yeye, ambaye alikuwa hanibakishii kitu, akawa anawapigia pasi wachezaji wangu. Nilimcheka. Nikamwambia amezeeka. Akacheka na yeye. Ndipo nikaiona kofia aliyokuwa akiishona, imewekwa dirishani, na vitundu vyake vimepinda kama mstari wa mtoto wa chekechea. Nikachukua pedi, tukaanza mechi nyingine.

Mwezi wa tatu mama alimburuta hospitali. Daktari akamwangalia ndani ya macho, akamwambia mishipa ya nyuma inavuja damu kwa sababu ya sukari, na lazima aende Mombasa achomwe kwa mwanga haraka, kabla damu haijafunika jicho zima. Alimwambia asikawie. Mama alinipigia akilia, nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda boti hadi Lamu.

Nilimkuta Mjomba amekaa kitako, uso mkavu. Aliogopa, na mtu wa tabia yake akiogopa hugeuka mbishi. Alikuwa amesikia habari za mtu aliyekwenda kutibiwa na jicho moja bovu akarudi na mawili mabovu. Tulimbembeleza kutwa nzima. Jioni akatoa neno lake.

“Nitakwenda. Nimesema nitakwenda, msinipigie kelele. Lakini mtezo watoka mwezi wa tano. Niuone kwanda. Nimengoja miaka mingapi? Wakinivuruga haya mato, niwe nimeliona lile lango na kilomo ndani. Nikishaumaliza, siku ya pili yake nitapanda basi.”

Mama alimwambia ana wazimu. Mimi nilimtazama, nikahesabu kwa kichwa: mwezi wa tatu, mwezi wa nne, wa tano. Wiki kama nane. Nikaona si nyingi. Kama kuna mtu aliyekubali wiki zile, ni mimi. Nilimwambia mama tumwache, tukimlazimisha atatoroka Mombasa kabla hajaitwa jina.

Katikati ya mwezi wa nne, Ijumaa, nikiwa nimeegemea tangi, nikafungua simu nikakuta tangazo. Sehemu ya pili imeahirishwa hadi mwezi wa tatu wa mwaka unaofuata. Walishukuru mashabiki kwa subira yao. Chini watu walikuwa wakitukana kwa lugha zote, na wengine wakitengeneza vichekesho.

Kwetu habari mbaya haitolewi nzima. Baba yangu alipofariki mimi nilikuwa chuoni Mombasa. Nilipigiwa simu nikaambiwa hajambo, ila kashikwa na homa kidogo, ingekuwa vizuri nije. Nilipofika Mokowe, panapopandiwa boti ya Lamu, jamaa aliyekuja kunipokea akaniambia homa imepanda. Ndani ya boti akasema amezidiwa, tumwombee. Nilipokaribia mlango wa nyumba nikaona viatu vimejaa nje, nikajua mwenyewe. Walinipa msiba kwa kijiko, kidogo kidogo, kama mtoto anavyopewa dawa, na wote walifanya hivyo kwa mapenzi. Hakuna kwetu anayefundishwa jambo hili. Unalikuta mdomoni mwako siku unapolihitaji.

Siku ile nililikuta mdomoni mwangu. Niliona nikimwambia karibu mwaka mzima, atavunjika moyo, na mbaya zaidi, kwa ukaidi wake atasema basi nangoja mwaka. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya pili, ambayo sikujipa wakati ule, ni kwamba alipokea simu akiwa anacheka tayari.

“Haya, mpwa! Imebakia wiki tatu!”

“Imesogezwa kidogo, Mjomba,” nikasema. “Wiki mbili hivi.”

“Wiki mbili si kitu,” akasema. “Wanashona pindo.”

Tukaendelea na mazungumzo. Nilimpa habari za mashine mpya, na za kampuni iliyonunuliwa na kampuni nyingine, na akasema hao wakubwa wanaoana wao kwa wao kama mabinamu. Nilirudi darasani nimeridhika. Nilijiona nimefanya jambo la utu uzima.

Mwezi wa tano ulipofika nikamwambia wameongeza wiki tatu. Alikereka, akawatukana kidogo, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimesoma kwa macho yangu. Mwezi wa sita nikamwambia ni suala la siku tu, hawajataja tarehe. Kila nikisema, nilikuwa nikijiambia kwamba namsogeza taratibu kuelekea ule mwaka, na akifika hapo hataumia. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna kitu kingine nyuma ya jicho lake ambacho chenyewe hakikuwa kikingoja. Sikusahau, nadanganya tena. Nilikijua. Kila mara mama akiniuliza, “Mtezo wenu huo waya lini?” nilimjibu kama nilivyomjibu mdogo wake.

Mjomba alikuja kuamka asubuhi moja mwishoni mwa mwezi wa sita akamuuliza mama kwa nini hajafungua madirisha. Madirisha yalikuwa wazi. Mama aliniambia kwamba alimjibu, “Ngoja nifungue,” akasimama hapo katikati ya chumba, hajui afanye nini na mikono yake.

Nilikimbilia boti, tukampeleka Mombasa siku hiyohiyo. Sitaki kueleza safari ile. Daktari wa kule alikuwa kijana mpole, alituonyesha picha ya jicho kwenye kompyuta, nyekundu tupu. Akasema angalikuja mwezi wa tatu, au wa nne, hata mwezi wa tano mwanzoni, kungalikuwa na la kufanya. Walijaribu. Jicho la kushoto halikurudi. La kulia linajua mchana na usiku, basi.

Yeye hakulia. Mimi nililia kwenye ukumbi wa hospitali mbele ya watu, mama akanishika bega akaniambia ni mitihani ya Mwenyezi Mungu, nisikufuru. Nilitaka kumwambia kwamba mtihani huu mwingine nimeutunga mimi. Mama hajui hadi leo.

Kofia aliyokuwa hajaimaliza ilipewa fundi mwingine. Sindano zake mama alizikusanya kwenye kopo akazificha asije akazigusa zikamchoma. Mjomba akawa wa kukaa barazani na redio. Niliendelea kumpigia kila Ijumaa, na yeye akaendelea kupokea, lakini hakuniuliza tena habari za ulimwengu. Alianza kuuliza habari za kweli: bei ya mafuta, nani ameaga dunia, barabara imefika wapi, serikali imesema nini. Nikijaribu kumchomekea kichekesho cha gemu, alikuwa akisema, “Alhamdulillahi,” kwa upole, kama mtu anayekataa chakula kwa watu. Upole ule uliniumiza kuliko kama angenitukana. Nilianza kuliogopa tangi la maji. Ijumaa nyingine nilipiga simu nikiwa nimesimama juani, ili niwe na sababu ya kukata mapema.

Mwezi wa tatu ukafika, na gemu ikatoka kama walivyosema. Safari hii hawakuchelewa hata siku moja. Shule zilipofungwa nilikwenda Wiyoni nayo. Nilikuwa nimepanga nitakavyofanya: nitaiweka, nitacheza mimi, nitamweleza kila kitu, naye ataingia ndani ya lango kwa masikio. Nilijiambia haya yatakuwa malipo. Ukweli ni kwamba nilitaka kusamehewa bila kuomba.

Nilimwamkia. Akanipa mkono. Mama alikuwa ametoka kwenda kwenye arusi. Nikamwambia nimeleta nini, akanyoosha mkono, nikamwekea pedi kiganjani. Vidole vyake vilikaa kwenye vitufe bila kutafuta. Nilimwambia alipo: mchanga, ukuta, ndugu mkubwa mbele. Kushoto kidogo. Moja kwa moja. Kuna shimo, ruka. Aliruka. Alipotua salama alicheka, na sikuwa nimeisikia teko yake ile, kama anavyoiita, tangu mwaka uliotangulia. Tulikwenda hivyo robo saa nzima. Lango likaonekana. Nikamwambia, “Mjomba, tumefika.”

Akaacha kubonyeza.

“Wiki iliyopita redio ilikuwa na kipindi cha vijana,” akasema. “Walikuwa wakiuzungumza mtezo huu. Walisema mwaka jana uliahirishwa mara moya tu. Karibu mwaka mzima, kwa tangazo moya.”

Kwenye kioo ndugu mkubwa alikuwa amesimama, anahema, anapepesuka kidogo kama wanavyofanya wakiachwa bila kuguswa.

“Ulijua lini?”

“Mwezi wa nne.”

“Mwanzo au mwisho?”

“Katikati.”

Nilimwona anahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, kama alivyokuwa akihesabu vitundu vya kofia. Alirudia mara mbili. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu yote, ya huruma, ya kuogopa asivunjike moyo, ya kuogopa asingoje mwaka.

“Mwaka ningengoja nini?” akasema, kana kwamba nimeyatamka. “Mimi si mwenda wazimu. Wiki mbili ndizo za kungojwa. Mtu huweza kungoja wiki mbili, na wiki tatu tena. Ungenambia mwaka, Wallahi ningepanda basi kesho yake.”

Hakupandisha sauti. Alisema kama anavyomtajia mteja siku ya kuja kuchukua kofia. Nikasema nisamehe, Mjomba, nikarudia, na akasema ameshasamehe tangu wiki iliyopita, kwamba alikaa siku mbili na hasira kisha ikamchosha, maana hakuwa na pa kwenda nayo. Kisha akainua pedi tena.

“Haya. Lango limefunguka? Mle ndani mna nini?”

Lilikuwa limefunguka. Nilisikia bawaba zake, na yeye alizisikia. Kioo kilikuwa mbele yangu, kikubwa, kinang’aa, na mji wote ulikuwa mle ndani na mimi sikuuona.

“Ngoja kidogo,” nikasema.

“Kidogo kiasi gani?”

Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua tu, na kichwa chake alikuwa amekielekeza kwangu, anangoja.

“Sijui, Mjomba,” nikamwambia. “Nalia. Sioni kitu.”